Kuunda upya mchezo wa vigae wa mwaka 1986: je, kila mpango lazima uwe na suluhisho?

Mpangavigae ameuliza:

Ndugu zangu, ninaandika upya mchezo wa kulinganisha vigae vya mahjong (mchezo wa Kichina wa vigae vyenye picha) ambao kampuni ya Activision iliutoa mwaka 1986 kwa jina la Shanghai, na ambao wengine waliujua baadaye katika Windows kwa jina la Taipei. Ninataka ufunguke katika kompyuta za leo bila kupitia kiigizi (programu inayoiga kompyuta ya zamani), kwa kuwa Taipei ya awali ni programu ya biti 16 ambayo Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha. Kanuni ninazifahamu: vigae 144 hupangwa kwa umbo la kasa, mchezaji huondoa viwili vinavyolingana, na kigae huwa huru endapo hakijalaliwa na kingine na upande wake wa kushoto au wa kulia uko wazi.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza, baadhi ya vigae vya kasa vimekaa katikati ya safu mbili, na jedwali langu la safu na nguzo haliwezi kuvionyesha. Pili, vigae vikichanganywa kwa bahati nasibu tu, kuna nyakati hupatikana mpango, yaani mpangilio wa vigae, ambao hauwezi kumalizika hata ukichezwa kwa ustadi wote. Je, niuzuie mpango wa namna hiyo usimfikie mchezaji?

Nusuhatua amejibu:

La kwanza ni jepesi. Hesabu nafasi kwa nusu ya kigae, ili kila kigae kichukue vizio viwili kwa upana na viwili kwa urefu, kisha ongeza namba ya tabaka. Kasa ana matabaka matano, yenye vigae 87, 36, 16, 4 na 1 kutoka chini kwenda juu, na kile kimoja cha kileleni kinavilalia vyote vinne vilivyo chini yake. Kwa vizio hivyo, kujua kama kigae kiko huru ni kuangalia tu iwapo maeneo mawili yanaingiliana. Kumbuka pia kwamba kigae cha ubavuni kilichokaa katikati ya safu mbili hugusana na majirani wawili upande mmoja, na wote wawili lazima waondoke ndipo upande huo uhesabiwe kuwa wazi.

Kinyumenyume amejibu:

Kuhusu la pili, ninashauri uuzuie. Fikiria kigae cha kileleni ambacho wenzake watatu wa aina yake wamo miongoni mwa vile vinne kilivyovilalia: hakiwezi kuondoka bila mwenzi, na wenzi wote hawawezi kutoka kabla yake, kwa hiyo mchezo umekwisha kabla haujaanza. Mchezaji hana njia rahisi ya kulijua hilo, naye atajilaumu bure.

Njia iliyozoeleka ni kupanga kinyumenyume. Chukua kasa mwenye vigae visivyo na picha, chagua nafasi mbili zilizo huru, zipe picha zinazolingana, ziondoe, na uendelee hivyo hadi jozi zote 72 ziishe. Mfuatano huo wenyewe ndio suluhisho. Ukibaki na nafasi zilizorundikana moja juu ya nyingine tu, anza upya, kwani kazi yote ni ya kufumba na kufumbua. Usisahau kwamba vigae vinne vya maua hulingana yenyewe kwa yenyewe ingawa picha zake zinatofautiana, na vile vinne vya majira ya mwaka vivyo hivyo.

Mchanganyaji amejibu:

Ninakubaliana na lengo la ndugu aliyetangulia, lakini si na njia yake. Kupanga kinyumenyume hakuipi mipango yote yenye suluhisho nafasi sawa. Ile yenye njia nyingi za kumalizika hujitokeza mara nyingi zaidi, na hivyo mchezo huelekea kuwa mwepesi. Ugumu ni sehemu ya kile unachokiunda upya, na ukiupunguza pasipo kujua utakuwa umeandika mchezo mwingine wenye sura ileile.

Mimi ningevichanganya vigae kwa haki, kisha ningeiachia programu itafute suluhisho kimyakimya, ikiona vigae vyote, kabla ya kumwonyesha mchezaji. Kwa kasa, mipango isiyo na suluhisho kabisa ni takriban asilimia 3, kwa hiyo utatupa michache tu. Utafutaji ukichelewa kupita kiasi, uukatishe na uchanganye tena.

Kuhusu picha, usitegemee herufi za mahjong zilizomo tangu mwaka 2008 katika Unicode, yaani orodha ya pamoja ya herufi na alama za kompyuta. Kigae cha joka jekundu huonyeshwa na mifumo mingi kama emoji yenye rangi, ilhali vigae vingine hubaki michoro ya kawaida, na ubao unapoteza ulinganifu. Chora vigae vyako mwenyewe, na mchezo uupe jina jipya, kwa kuwa kanuni za kucheza ni za wote lakini michoro na jina la zamani vina wenyewe.

Mpangavigae amejibu:

Ninawashukuru sana. Nitachanganya kwa haki na kutafuta suluhisho kwanza, na kupanga kinyumenyume nitakuweka kama chaguo la wanaoanza. Limebaki swali la ukubwa: toleo la mchezo kwa kompyuta za Macintosh lilichorwa kwa skrini ya pikseli 512 kwa 342, na nikilitanua lijaze skrini ya leo, mistari inavurugika.

Nusuhatua amejibu:

Ikiwa unaiga ukubwa ule, tanua kwa namba kamili pekee. Katika skrini ya 1920 kwa 1080, mara tatu inakupa 1536 kwa 1026, na ukingo unaobaki uupake rangi moja. Ikiwa unachora upya, tumia michoro ya vekta (inayohifadhiwa kama mistari na maumbo, si pikseli), nayo itatanuka kwa kiasi chochote bila kuharibika.