Nairobi au Kigali kwa mhasibu kijana?

Mhasibu wa Ntinda: Ndugu zangu, nina miaka 27, nimefanya uhasibu hapa Kampala kwa miaka minne, na sasa nimepata barua mbili za ajira, moja ya Nairobi na nyingine ya Kigali, zenye mishahara inayokaribiana. Mama yangu anaishi Tororo na afya yake si nzuri. Mngenishauri niende wapi?

Niliyeishi Nairobi: Kwa kuwa mama yuko Tororo, ningechagua Nairobi bila kusita, maana mabasi ya usiku hupita Malaba, mpakani karibu na Tororo, na asubuhi uko nyumbani. Niliwahi kupigiwa simu saa mbili usiku kwamba baba amezidiwa. Nilipanda basi nikiwa na begi la kazini tu, nikamkuta bado anaongea. Kitakachokuumiza ni kodi ya nyumba, pamoja na nauli ya matatu inayopanda mvua ikinyesha.

Dada wa Kabale: Pole kwa mama, mdogo wangu. Kigali ni mji safi na tulivu, na nilikuwa nikitembea usiku bila hofu. Hata hivyo, mpaka wa Katuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na harusi ya kaka yangu niliisikiliza kwa simu. Ada ya kibali cha kazi isikutishe, kwani nchi zetu tatu ziliiondoa kwa raia wao, ingawa kibali chenyewe ni lazima ukiombe.

Mhasibu wa Ntinda: Asante sana, dada. Kesho naijibu barua ya Nairobi.