Mfupa upo nje, dawa ipo stoo, mnatuuliza PF3?

Wakuu, leo mnivumilie lugha.

Shemeji yangu anaendesha bodaboda hapa Mtwara. Kagongwa usiku na Fuso la korosho barabara ya Nanyamba, mfupa wa ugoko ukachomoza nje umejaa mchanga. Tukamkimbiza hospitali, jina silitaji, wenyewe mnajijua. Mapokezi swali la kwanza: PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi? La pili: nani analipa? Mbio polisi, tukarudi, foleni ya dirishani, halafu eksirei, halafu "daktari wa mifupa anaingia asubuhi". Muda wote huo mguu umefungwa kanga ya dada yangu! Sindano ya kwanza ya antibaiotiki kachomwa jua limeshatoka.

Mfupa uliotoboa ngozi na nyama kuchanika vile, ambao madaktari wanauita daraja la tatu la Gustilo (kipimo chao cha ubaya wa mivunjiko ya wazi), antibaiotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Haingoji picha wala bingwa. Sefazolini, au hata seftriaksoni ambayo imejaa kila kona ya nchi hii. Jeraha kubwa huongezewa gentamisini, na kama limeingia udongo wa shamba, penisilini. Na sindano ya pepopunda. Nesi wa zamu anaichoma vizuri tu. Kuosha kidonda kwa maji mengi ya drip na kukata nyama iliyokufa ni lazima pia, dawa haichukui nafasi ya kisu, lakini kama kisu ni mpaka asubuhi, si ndiyo sababu ya kuwahisha dawa?

Na msiniambie ni utaalamu mpya. Mwaka 1974 daktari wa mifupa Patzakis na wenzake kule Marekani walichapisha majibu ya utafiti wa mivunjiko ya wazi kama hii: wasiopewa antibaiotiki waliooza vidonda ni karibu 14 kwa kila 100, waliopewa sefalotini, antibaiotiki ya ukoo mmoja na sefazolini, ni kama 2. 1974! Wengi humu hatujazaliwa.

PF3 ingefuata baadaye, polisi hawahami. Sasa mguu unatoa usaha, kasafishwa tena na tena, familia imeuza korosho bei ya hasara, na jana wameanza kugusia kukata.

Na atakayekuja na "nendeni kwa mganga mfawidhi", nilishaenda. Kafungua daftari la stoo mbele yangu kunithibitishia kwamba usiku ule dawa zilikuwepo.