Naomba ushauri: watoto watatu kwenye gari dogo, Uingereza

Habari zenu wakuu. Niko Leicester, nina mtoto wa miezi 8 na wa miaka 4, na mpwa wangu wa miaka 6 anakuja likizo. Gari ni Yaris. Viti viwili vya watoto vikishafungwa nyuma, pale katikati hata kile cha kumwinulia mtoto mkubwa (booster) hakiingii. Sheria ya hapa inataka kiti mpaka miaka 12 au sentimita 135, ila nafasi ya cha tatu ikikosekana, aliyezidi miaka 3 anaruhusiwa mkanda wa watu wazima. Nimeujaribu kwa wa miaka 4: unampita shingoni kabisa. Sijaupenda.

Je, mpwa akae mbele na kiti chake, au kuna viti vyembamba vinavyoenea vitatu? Na msiniambie ninunue gari kubwa, mfuko hauruhusu.