Mnapata wapi tumaini baada ya mafuriko?

Mkaazi wa Nakuru

Ndugu zangu, tangu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliposhuka Mai Mahiu yakazoa nyumba pamoja na waliolala ndani, kila nisikiapo mvua kubwa huamka nikaketi kitandani hadi iishe. Nilikuwa miongoni mwa waliopeleka nguo na unga kwa manusura, na huko nilimwona mama aliyepoteza kila kitu akimbembeleza mtoto asiye wake mpaka akalala. Nimekuwa nikijiuliza: wema wa namna hiyo ni tumaini la kweli, au ni faraja ya kupita, ilhali miaka sita kabla ya hapo, Mei 2018, bwawa lilipasuka Solai katika kaunti hii hii, likaua zaidi ya watu 40, nasi tukachanga na kulia vilevile? Naomba kusikia kutoka kwenu mliozoea mafuriko kuliko sisi, hasa wa Nyando na Budalang'i, kule magharibi mwa Kenya.

Mama wa Ahero

Pole sana, ndugu yangu. Huku uwanda wa Kano si lazima mvua itunyeshee ndipo tufurike. Ikinyesha milima ya Nandi na Kericho, Mto Nyando hutuletea maji hayo usiku, nasi tumelala chini ya mbingu kavu. Ndiyo maana kwetu huruma ya kwanza ni simu. Shemeji yangu anayeishi upande wa Muhoroni hutazama mto kila jioni wakati wa masika, na akiona dalili hunipigia, nami nampigia jirani, naye wa pili yake.

Mwaka 2020, mto ulipofurika huku Ziwa Victoria nalo likiwa limepanda, tulihifadhiwa na familia iliyokuwa haitujui. Chakula chao nakishukuru, lakini nisichoweza kusahau ni kwamba asubuhi ya pili mwenye nyumba alinionyesha kuni zilipo, akanikabidhi sufuria, akaniambia, "Pika unavyopikia wanao." Mtu aliyepokea kwa siku nyingi mfululizo huanza kujiona mzigo, na siku ile nilirudi kuwa mama wa watoto wangu. Hapo ndipo nilipopata tumaini, si kwenye malori ya misaada, ingawa nayo yalitufaa.

Mzee wa Budalang'i

Nakubaliana na mama, ila niruhusuni niongeze jambo gumu. Matuta ya Mto Nzoia yalipovunjika mwaka 2008, vijana wenye mitumbwi walivusha wazee na mbuzi wao bila kudai hata shilingi, na hadi leo nawaheshimu. Lakini huruma inayosubiri maji yafike kiunoni imechelewa. Huko Mai Mahiu maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na matope na miti, na kuzibua njia ya maji wakati wa kiangazi ni kumpenda jirani sawa na kumpa blanketi. Mimi hupata moyo ninapowaona vijana wetu wakijaza magunia mchanga na kuyapanga ukingoni kabla ya mvua, wakati hakuna anayewatazama.

Muuguzi, Kisumu

Kwa wanaotaka kusaidia: ulizeni kwanza. Nimeona marundo ya nguo katika kambi ambamo wasichana hawakuwa na sodo na wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu walikuwa wameachwa na maji bila dawa hata moja. Rudini pia baada ya miezi mitatu, kwa maana wakati huo wageni huwa wameondoka na ndipo mfiwa huanza kulia.

Mkaazi wa Nakuru

Nawashukuru kutoka moyoni. Jumamosi nitarudi Mai Mahiu, na safari hii nitakwenda mikono mitupu, nimtafute yule mama na kumuuliza. Mama wa Ahero, huku kwetu nasi tuna watu wanaoishi juu ya makorongo ambao wangeweza kutupigia simu. Shemeji yako hutazama nini hasa?

Mama wa Ahero

Rangi na takataka. Maji yakigeuka mekundu na kuanza kubeba migomba mizima, hanisalimu. Husema tu, "Umeanza," akakata simu ili ampigie mwingine.