Nimeuliza habari za moto wa Mlima Kilimanjaro, nimejibiwa sambusa!

Mpagazi Mstaafu: Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye ile semina ya Sheria ya Maafa hapa Moshi. Yule bwana mnamjua, yule wa kufungua vikao na kutoweka kabla ya maswali. Leo kwa bahati mbaya alibaki.

Nikanyoosha mkono, nikauliza kistaarabu kabisa: sheria ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka kijijini, na utabiri wa upepo na mvua tunausikia kila siku. Oktoba ikifika, nani anayeviunganisha atuambie wiki hii mlima una hatari, mtu asiwashe hata kiberiti? Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe umekuja kuuliza au umefuata sambusa?"

Ukumbi mzima kicheko, mpaka mpiga picha. Na sambusa ninayo mkononi wakuu! Nimeng'ata kona moja tu!

Oktoba 2020, moto ulioanzia Whona, pale wapanda mlima wanapopumzika, mimi nilipanda. Mierika, vile vichaka vya mlimani, imekauka kama makuti, upepo unageuka kila dakika, silaha yangu panga na tawi bichi. Unapiga hapa, unawaka mgongoni. Nilishuka sina nyusi. 2022 ukawaka tena upande wa kambi ya Karanga, Oktoba ileile. Mtu aliyeacha nyusi zake mlimani unamwambia sambusa? SAMBUSA? Tena ndani vitunguu vitupu!

Kipara Ngoto: Mkuu, porojo pembeni. Uliimaliza au hukuimaliza?

Mpagazi Mstaafu: Niliimaliza. Lakini kwa hasira.

Mama Ndafu: Umekula, halafu unalialia! Sisi huku Rombo tuliitwa semina ya moto tukapewa maji ya moto. Hata majani ya chai hayakuwemo.

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya Misitu ipo tangu 2002 na masharti yake ya kuchoma moto, nani anayafuata? Mnarina asali kwa vinga, mnachoma mashamba kiangazi, halafu mnadai utabiri. Tabirini viberiti vyenu kwanza.

Mpagazi Mstaafu: Yule nimemuuliza moto kanijibu sambusa, wewe nakueleza sambusa unanijibu asali. Mmesoma darasa moja?

Tawi Bichi: 2020 nilikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, tulipanda wengi kuuzima. Nyusi zangu zilirudi. Zako ulikuwa nazo lakini?

Mpangaji wa Mbagala: Afadhali nyie moto wenu una Oktoba. Jirani yangu anachoma pampasi kila jioni, miezi kumi na miwili. Nikilalamika ananiambia nihame.

Kipara Ngoto: Pampasi??

Mpangaji wa Mbagala: Na ndala.

Binti Machare: Samahanini, natoka nje ya mada. Manda nzuri za sambusa Moshi mjini napata wapi?

Mama Ndafu: Nenda Mbuyuni asubuhi mwanangu. Usichukue zilizokaa juani, zinakatika.