Sindano za Kichina kwa mama: nani ana leseni hapa Minnesota?

Kutoka: Dada wa St. Cloud

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mama yangu ana miaka 71, tuko naye hapa mwaka wa saba sasa. Mgongo unamsumbua tangu Ramadhani, akisujudu hainuki mpaka ashikwe mkono. Daktari amempiga picha, hakuna mfupa ulioharibika. Akampa vidonge, navyo vinamvuruga tumbo. Sasa jirani ametuelekeza kwa mtu anayechoma sindano za Kichina nyumbani kwake, dola 40 kwa mara moja, na ukitaka anakuumika pia. Mama amefurahi kwa sababu mtu huyo anasema Kiswahili. Mimi moyo unasita. Kazi hii hapa ina leseni, au ni kama dawa za nyumbani tu, ajuaye anafanya? Na kadi yake ya Medical Assistance, ile bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo, inaweza kulipa? Nisisahau: anatumia dawa ya kuzuia damu isigande.

Kutoka: Mama wa Brooklyn Park

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Mama mpe shikamoo yangu.

Moyo wako umesita pahala pake. Usimpeleke huko, nakuomba. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye mapokezi ya kliniki ya akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, hapa St. Paul. Sindano sichomi mimi, lakini karatasi zote zinapita mikononi mwangu, na sheria yake naijua kwa kuisoma na kwa kuishi nayo.

Kazi hii ina leseni, tena leseni ya jimbo. Marekani hakuna leseni moja ya akupancha inayofanya kazi nchi nzima. Kila jimbo limejitungia sheria yake. Nevada ilianza mapema, 1973. California ina bodi yake na mtihani wake peke yake, na mtihani huo unafanywa hata kwa Kichina na Kikorea. New York mambo haya yako chini ya idara ya elimu. Kwetu Minnesota wachomaji wako chini ya Board of Medical Practice, bodi ileile inayosimamia madaktari, na sheria yenyewe ni sura ya 147B. Ili mtu apewe leseni hapa lazima kwanza awe na cheti cha chombo cha taifa ambacho wengi bado tunakiita NCCAOM. Maana yake amesoma chuo kinachotambulika, amefanya mitihani ya nadharia, ya sehemu za kuchoma na ya mwili unavyofanya kazi, na amepita mafunzo ya usafi wa sindano.

Serikali kuu yenyewe inaisimamia sindano. Tangu 1996 FDA, idara ya chakula na dawa, inaihesabu sindano ya akupancha kuwa kifaa cha tiba: iwe safi isiyo na vijidudu, itumike mara moja tu, na iuzwe kwa mtu ambaye jimbo limemtambua. Kwa hiyo hata kuinunua kihalali ni lazima uwe na leseni.

Nikueleze inavyokuwa chumbani, ili mama ajue cha kutazama. Sindano ni nyembamba kama unywele, imelala ndani ya kimrija cha plastiki, nacho kimefungwa kwenye pakiti ya karatasi. Pakiti inachanwa mbele ya macho yako. Ngozi inafutwa, kimrija kinasimamishwa, mchomaji anagonga kichwa cha sindano kwa kidole, tik, imeingia, na mara nyingi hata hujui. Akimaliza anazihesabu: zimeingia 14, zitoke 14. Zote zinakwenda kwenye kopo jekundu gumu lililo ukutani, na hakuna hata moja inayorudi mezani.

Nayasema haya kwa uchungu. Kabla sijapata kazi hii bega liliniuma, nikaenda kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akichoma chini ya nyumba yake. Sindano alizitoa kwenye glasi ya spiriti. Nilizitazama zile sindano zimesimama ndani ya glasi, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na alikuwa ameniita mwanangu. Siku ya nne mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko. Nikapasuliwa jipu, nikala antibayotiki siku kumi, na nikapimwa homa ya ini mara mbili kwa miezi sita. Miezi ile sitaisahau, nilikuwa na mtoto mchanga. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na kuchovya sindano kwenye spiriti si kuitakasa.

Kosa langu jingine ni kwamba sikumshitaki. Niliona haya. Baada yangu wakaenda wengine.

Sasa hiyo dawa ya mama ya kuzuia damu. Sheria yetu inamlazimisha mchomaji aulize kabla ya kuchoma kama mgonjwa ana kifaa cha moyo mwilini au ana tatizo la damu. Aulize kama daktari ameshamwona kwa maradhi hayo na amesema nini. Ampe kwa maandishi sifa zake za masomo na leseni, na madhara yanayoweza kutokea: maumivu pale palipochomwa, michubuko, maambukizo, kuzirai, hata sindano kukatika. Kisha mgonjwa atie saini. Karatasi hiyo ndiyo ninayompa kila mgeni wangu asubuhi, na wengi hawaisomi. Msomee mama neno kwa neno kwa Kiswahili, na dawa ya damu itajeni wenyewe hata kabla hajauliza. Mgongo wa juu, kati ya mabega, sindano ikizidi kina inaweza kutoboa pafu. Mtu aliyesoma anajua aiingize kiasi gani na kwa mshazari upi. Aliyejifunza kwenye video hajui.

Kuhusu kuumika. Najua kwetu chuku ni jambo la kawaida, na hijama ni sunna, sina neno baya juu yake. Lakini Minnesota ina sheria nyingine, sura ya 146A, inayowaruhusu waganga wasio na leseni kufanya tiba nyingi za asili, na sheria hiyo inasema wazi kuwa kutoboa ngozi hakumo. Chuku kavu, inayovuta ngozi tu, ni jambo moja. Chuku ya damu, yenye kuchanja kwa wembe, ni jambo jingine kabisa, na kwa mama anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande usithubutu.

Malipo: Medical Assistance ya Minnesota inalipa akupancha, kwa sharti kwamba anayechoma ana leseni ya akupancha, au ni mtaalamu mwingine mwenye leseni ya jimbo ambaye kazi hiyo imo ndani ya mipaka yake na ameisomea. Kwa hiyo hizo dola 40 utazitoa mfukoni kwa mtu asiye na leseni wakati mwenye leseni angelipwa na kadi. Mkalimani pia analipiwa, uliza unapopanga miadi. Mama atazungumza Kiswahili chake.

Wenye wazazi wa Medicare, bima ya wazee ya serikali kuu: tangu Januari 2020 inalipa, lakini kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu tu, yaliyodumu wiki 12 au zaidi. Unapata mara 12 ndani ya siku 90, ukionekana unapata nafuu unaongezewa 8, na kwa mwaka hazizidi 20. Na mchomaji hawezi kupeleka bili Medicare mwenyewe, lazima awe chini ya daktari au mtoa huduma anayeruhusiwa. Watu wengi wanakuja kwetu na kadi ile wakidhani inalipa kila kitu, nami inanibidi niwaeleze hapo dirishani.

Kumhakikisha mtu ni dakika tatu. Ingia tovuti ya Board of Medical Practice, sehemu ya kutafuta leseni, andika jina lake la ukoo. Utaona kama leseni iko hai, inaisha lini, na kama amewahi kuadhibiwa. Jina lisipotokea, mpigie mwenyewe umuulize kwa heshima ameandikishwa kwa jina gani. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Kutoka: Kijana wa Moorhead

Shikamoo mama. Nimesoma tiba ya Kichina Nanjing miaka 5, cheti ninacho, na hospitalini kule nimechoma wagonjwa wengi kweli. Hapa napakia mizigo ghalani usiku. Watu wa kwetu wananijia, wananisihi, na mimi sindano zangu ni mpya za pakiti. Nikikataa wananiona nina kiburi. Nikichoma bure, bila kuchukua senti, nayo ni kosa? Na ng'ambo ya mto, Fargo, mambo ni yaleyale?

Kutoka: Mama wa Brooklyn Park

Marahaba baba.

Nimekusoma mara mbili, na naiona elimu yako inavyokuuma. Madaktari wa Kichina waliokuja Zanzibar tangu 1964 walitoka jimbo hilohilo la Jiangsu ulikosoma. Baba yangu alitibiwa nao. Kwa hiyo cheti chako sikidharau hata kidogo.

Lakini usichome. Sheria inakataza kuifanya kazi bila leseni, na bure haikuokoi. Tena fikiria uraia: ile fomu ya kuombea uraia, N-400, inakuuliza kama umewahi kutenda kosa, hata lile ambalo hukukamatwa nalo. Usiuweke uraia wako rehani kwa bega la mtu.

Fargo ni North Dakota, sheria nyingine. Wao walipitisha yao 2015, na bodi yao inaitwa Board of Integrative Health Care. Ukipata leseni ya Minnesota ukavuka daraja la Red River na sindano zako, upande wa pili huna leseni mpaka North Dakota ikupe. Ni dakika tano kwa gari.

Njia yako ipo. NCCAOM wanapokea waliosoma nje, baada ya vyeti na alama kutathminiwa. Anza leo kuomba nakala rasmi kutoka chuoni Nanjing, zikiwa na saa ulizosoma darasani na ulizofanya kliniki, kila moja peke yake, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Saa za kliniki ndizo zinazobishaniwa. Mafunzo ya usafi wa sindano utayafanya hapa upya, na mitihani ujiandae kuifanya kwa Kiingereza. Ukiambiwa kuna pengo la masomo, chuo cha Northwestern Health Sciences University kiko Bloomington, na sheria inamruhusu mwanafunzi kuchoma chini ya msimamizi mwenye leseni.

Na hao wanaokusihi, wape namba ya kliniki, uende nao siku ya kwanza uwafasirie.

Kutoka: Dada wa St. Cloud

Ahsante sana dada yangu. Nimelitafuta jina la yule mtu kwenye tovuti, halimo. Nimempigia, akasema leseni yake ni ya Georgia. Nimemshukuru nikakata simu.

Mama alinuna jioni nzima. Nikamsomea ulivyoandika kuhusu glasi ya spiriti, akaniomba nirudie. Leo asubuhi tumepata miadi kwa mama mmoja mwenye leseni hai, Alhamisi saa nne, na mkalimani wa Kiswahili ameshawekwa. Orodha ya dawa zake nimeiandika kwa mkono, iko ndani ya pochi yake.

Kijana wa Moorhead, mama anauliza mitihani yako ni lini, akuombee dua.