Osaka mwishoni mwa Februari: nguo, treni, chakula na viza kwa tunaotoka Entebbe

BintiMasaka

Habari zenu wana jukwaa. Tunaondoka Entebbe tarehe 23 Februari 2027 kwenda Osaka, Japani, siku 9, mimi na mdogo wangu wa kike. Viza bado, tiketi tumeshikilia bila kulipa. Najua sakura, yale maua ya mcheri, hatutazikuta. Naomba kuelezwa baridi ikoje na nguo zipi zinatosha bila kununua vitu vya kuvaa mara moja. Tutokeje uwanja wa ndege hadi mtaa wa Namba tunakolala. Fedha tutazishikaje, maana mobile money haifiki huko. Na kama msimu huo una kitu chake cha kuona. Mdogo wangu ana pumu ya kiasi. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula kinatuhusu sana. Hata mambo madogo yaelezeni.

Kigezi_Asubuhi

Dada, chukua ile baridi ya Kabale alfajiri, nyuzi 10 hivi, ambapo wauza maziwa wamejifunika mablanketi. Hiyo ndiyo Osaka saa 8 mchana na jua likiwaka. Alfajiri inashuka hadi 3. Theluji mjini huanguka mara chache na haikai. Jaketi la kupandia kilele cha Margherita hamlihitaji.

Kinachochosha wageni ni kuingia na kutoka. Nje nyuzi 7 na upepo wa ghuba, kwenye treni viti vina hita chini yake inayochoma vigimbi vya miguu, dukani hewa moto inakupuliza usoni mpaka unatoka jasho, halafu unarudi nje na jasho lako. Likipoa mwilini ndipo meno yanapogongana. Kwa hiyo koti moja zito juu ya fulana ni kosa, kwa sababu ukilivua huna kitu na ukilivaa unapikika. Vaeni tabaka tatu: ya ndani nyembamba inayobana mwili, ya kati sweta, ya nje jaketi jepesi linalozuia upepo. Ile ya ndani isiwe ya pamba, pamba hushika jasho. Mbili au tatu kwa kila mmoja zinatosha. Ukifua usiku na kutundika chumbani, hewa ilivyo kavu zinakauka kufikia asubuhi. Hizo nunueni hukohuko kwenye maduka ya Uniqlo, kwani mwisho wa Februari maduka yanapunguza bei za nguo za baridi kupisha za masika.

Jaketi la nje litafuteni Owino kwenye mitumba. Pandisheni na kushusha zipu mara tatu mbele ya muuzaji. Kama ni la manyoya, binyeni kila kifuko kwa vidole: manyoya yaliyogandamana kama vifundo maana yake lilifuliwa vibaya na halishiki joto tena. Angalieni pia mwisho wa mikono, kama lastiki imelegea upepo utapanda hadi kwapani.

Viatu viwe vya kuvua haraka, na soksi zisiwe na tundu. Kwenye mahekalu na migahawa kadhaa utavua viatu mbele za watu, na sakafu ya mbao ya hekalu mwezi wa pili ni baridi kama barafu, basi soksi nzito ya akiba iwe mkobani.

Kuna vifuko vya joto vinaitwa kairo, vinauzwa kila duka dogo. Ndani mna unga wa chuma. Ukifungua karatasi, unga unakutana na hewa na kutoa joto kwa saa kama 12. Vile vya kubandika vinabandikwa juu ya nguo, kamwe si kwenye ngozi, na usilale navyo. Joto lake ni dogo lakini la muda mrefu, linaunguza ngozi polepole bila wewe kuhisi.

Mafuta ya ngozi bebeni. Midomo itapasuka siku ya pili. Moyao ya kaskazini, yaani mafuta ya shea, inafanya kazi kuliko losheni za maji.

Stesheni_Kuu

Kuhusu treni za kwenda Namba. Uwanja wa Kansai umejengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa baharini, na kampuni mbili za reli zinatoka hapo: JR na Nankai. Lango zao zinatazamana, moja ina rangi ya bluu na nyingine nyekundu, na wengi wanaingia ya karibu tu. Nyinyi mnalala Namba, chukueni Nankai, treni ya Airport Express. Ni dakika kama 45 bila kubadilisha, nauli chini kidogo ya yen 1,000. Ile ya kifahari iitwayo Rapi:t inapunguza dakika chache tu kwa nyongeza ya fedha. JR haiwafai, kituo chake kiitwacho JR Namba kiko mbali kidogo na cha Nankai.

Kabla ya hapo nunueni kadi ya ICOCA pale uwanjani, kila mtu yake. Unaigusisha ukiingia na ukitoka, nauli inakatwa yenyewe, na inalipia hata maji kwenye mashine. Watu wawili hawawezi kupita kwa kadi moja: mfumo unajua kadi imeingia na inasubiri itoke, wa pili anafungiwa lango. Ikigoma kwa salio dogo, usirudi nyuma kugombana na lango. Ndani ya stesheni, kando ya milango, kuna mashine ya kuongezea nauli.

Siku ya kurudi ndiyo ya kuangalia sana. Kwa Nankai, someni mwisho wa safari kwenye ubao: iandikwe 関西空港 (Uwanja wa Kansai). Treni nyingi za njia hiyo zinakwenda Wakayama, na mkipanda hizo mnapaswa kushuka Izumisano na kubadilisha. Kwa JR ni hatari zaidi, maana treni yao ya haraka inakatwa vipande viwili kituo cha Hineno. Mabehewa 1 hadi 4 yanakwenda uwanja wa ndege, 5 hadi 8 yanakwenda Wakayama. Umekaa treni sahihi, saa sahihi, na bado unaikosa ndege kwa sababu ya behewa. Namba ya behewa imeandikwa ndani juu ya mlango.

Majina nayo yanapoteza watu. Osaka na Umeda ni mahali pamoja: JR wanaita Osaka, reli nyingine wanaita Umeda. Shin-Osaka ni stesheni tofauti, ya treni za mwendo kasi. Treni zinasimama karibu na saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, na hakuna boda ya kuokoa mtu. Teksi ni ghali. Kwenye ngazi za umeme Osaka husimama upande wa kulia, Tokyo kushoto. Ukiona behewa lenye alama ya waridi ni la wanawake pekee, linawafaa saa za msongamano.

Pasi ya JR ya nchi nzima msinunue. Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda hadi yen 50,000, na Osaka, Nara na Kyoto ziko karibu mno kuirudisha hela hiyo.

Hesabu_Kwanza

Fedha kwa ufupi. Shilingi yetu hakuna atakayeibadilisha kule. Bebeni dola mpya zisizo na mikunjo kama akiba, na kadi ya Visa au Mastercard. Mashine za ndani ya maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje, usiku na mchana. Mashine ikiuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua yen. Mwambieni meneja wa benki mapema kwamba kadi itatumika Japani, na washeni huduma ya laini yenu kupokea ujumbe ng'ambo kabla hamjapanda ndege. Ile namba ya siri ya benki inakuja kwa SMS, na mkiwa Osaka hamtaweza kuiwasha huduma hiyo.

Noti mpya zilitoka Julai 2024, na mashine kuukuu za tiketi kwenye migahawa midogo bado hukataa mpya ya 1,000. Tunzeni sarafu.

BintiMasaka

Nimewaelewa, asanteni sana. Hilo la Hineno sikulisoma popote. Je, kwa mwenye pumu? Na chaja zetu za pini tatu?

Duka_la_Dawa_Mbale

Dada, tuanze na umeme kwa sababu unahusu pumu. Japani ni volti 100, plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100-240V inahitaji adapta tu. Lakini kama mdogo wako anatumia mashine ya kuvuta mvuke wa dawa iliyoandikwa 220-240V pekee, mota yake itazunguka kinyonge na dawa haitatoka inavyotakiwa. Adapta inabadilisha umbo la plagi, volti haibadilishi. Abebe pampu ya mkononi na kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa, na pampu ya pili mkoba mwingine.

Dawa za mwezi mmoja kwa matumizi yake zinaruhusiwa bila kibali. Ziwe kwenye pakiti zake na barua ya daktari. Msibebe dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10, zimekatazwa kabisa. Someni kibandiko hata kama mmeinunua bila cheti hapa.

Vitu viwili vitamsumbua. Cha kwanza ni hewa kavu chumbani: joto la hoteli linatoka kwenye kiyoyozi, usiku kucha linanyonya unyevu mpaka koo linawasha. Ombeni mapokezi mashine ya unyevunyevu, hoteli nyingi zinazo. Isipokuwepo, loweka taulo, ikamue, itundike karibu na kitanda, na shusheni kiyoyozi hadi 20. Cha pili ni chavua ya mierezi, inayoitwa sugi. Baada ya vita vya pili vya dunia Wajapani walipanda misitu mikubwa ya mti huo kwa ajili ya mbao, na tangu katikati ya Februari inamwaga vumbi lake hadi mijini. Mgeni wa mara ya kwanza mara nyingi hapigi chafya kama wenyeji, kwa kuwa mwili huhitaji kukutana nayo kwanza ndipo uanze kuikataa. Mwenye pumu asitegemee hilo. Avae barakoa nje, hasa siku kavu yenye upepo baada ya mvua, na akung'ute jaketi kabla ya kuingia chumbani. Cetirizine, dawa ya mzio, inunuliwe Kampala, ni rahisi zaidi.

Ramani_na_Maua

Kukosa sakura hakutawauma sana, mtakuta ume, yaani plamu. Kwenye bustani ya ngome ya Osaka kuna shamba la miti zaidi ya 1,200, upande wa mashariki, kuingia bure, na mwisho wa Februari maua yako kwenye ukomavu wake. Sogea karibu. Ua la ume limekaa moja kwa moja kwenye tawi, halina kikonyo, petali zake ni duara; sakura inaning'inia kwa kikonyo na petali ina mkato kwenye ncha. Na ume inanukia. Harufu hiyo hupatikana vizuri asubuhi kabla upepo haujaanza. Kwa moyo wangu wote nasema msisikitikie sakura. Kuchanua wakati watu bado wana skafu shingoni kuna uzuri wake.

Mnaondoka tarehe 4 Machi? Basi Nara jioni ya tarehe 1, 2 au 3. Kuanzia tarehe 1 hadi 14 Machi kwenye ukumbi wa Nigatsu-do wa hekalu la Todaiji wanafanya Omizutori, ibada iliyoanza mwaka 752. Saa 1 usiku mienge mirefu inapandishwa ngazi na kukimbizwa kwenye baraza la juu, cheche zinamwagikia watu chini. Fikeni mapema, simameni mteremkoni kwenye nyasi. Jaketi la nailoni huungua kwa cheche moja, vaeni la pamba juu yake au simameni nyuma. Tabaka zote tatu na kairo siku hiyo, maana mtasimama bila kutembea. Treni ya Kintetsu kutoka Osaka-Namba inachukua dakika kama 40.

Na hoteli wekeni sasa. Tarehe 25 Februari mitihani ya kuingia vyuo vikuu vya serikali inafanyika nchi nzima, wanafunzi wanasafiri na wazazi, na vyumba vidogo vya bei nafuu vinajaa.

Ustadh_wa_Arua

Binti yangu, tarehe zenu zote ziko ndani ya Ramadhani. Msafiri ana ruhusa, lakini mkiamua kufunga, saumu inakaribia urefu wa kwetu: alfajiri huingia karibu saa 11 na dakika 10, na jua linatua saa 11 na dakika 50 jioni. Daku haina shida kwa sababu maduka madogo yako wazi usiku kucha, mna mayai ya kuchemsha, ndizi, na wali uliokandwa uitwao onigiri.

Jihadharini na viungo. Supu nyingi za rameni, zile tambi za Kijapani, zinachemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata bakuli lenye mboga tupu juu. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, hupikwa kwenye bamba lile lile la nyama ya nguruwe. Mchuzi wa soya wa mezani na mirin, kiungo kitamu cha mchele, mara nyingi vina kileo. Jifunzeni herufi mbili: 豚 ni nguruwe, 酒 (sake) ni pombe. Na msitishwe na neno "sake" likitamkwa kwenye onigiri. Hapo ni samaki aina ya salmoni, herufi yake ni 鮭. Osaka ina msikiti wilaya ya Nishiyodogawa, na mitaa ya Namba ina migahawa yenye alama ya halali. Angalieni saa za kufungua kabla ya kutoka.

Nyama yoyote msibebe kutoka nyumbani, hata iliyokaushwa, hata soseji. Forodha ya Japani haina huruma kwa hilo. Matunda mabichi pia yaacheni.

Nakasero_Foleni

Viza: fomu, picha ya sentimita 4.5 kwa 3.5, taarifa ya benki, tiketi iliyoshikiliwa, na ratiba ya kila siku yenye tarehe na mahali pa kulala. Kinachokwamisha wengi ni ratiba kugongana na hoteli: unaandika Kyoto siku mbili lakini malazi yote ni Osaka. Andikeni "Nara, kurudi Osaka" waziwazi. Kinachofuata ni fedha iliyoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba, bila maelezo. Bila dosari majibu huchukua siku 5 za kazi, wakihitaji kuuliza Tokyo yanakwenda wiki kadhaa, kwa hiyo msilipe tiketi kwanza. Viza ikitoka mna miezi 3 ya kuingia, basi msiombe Oktoba.

Tiketi iwe moja hadi Osaka, kupitia Dubai au Doha, mzigo usajiliwe Entebbe mpaka mwisho. Jazeni Visit Japan Web, tovuti ya fomu za kuingia Japani, kabla ya kuruka na hifadhini picha ya msimbo wake kwenye simu, intaneti ya uwanjani isiwaangushe. Japani haitawauliza kadi ya homa ya manjano, Entebbe wataiuliza mkirudi. Iwe mkobani, si kwenye sanduku.